KAZI IKIKWISHA, MTU ATAFUTEJE NYINGINE?

Hapana habari nzito nyumbani kama ile ya baba au mama kurudi jioni na kusema, "Kazi imekwisha." Kodi ya nyumba haingoji. Karo ya shule haingoji. Unga nao hununuliwa kila juma, kazi iwepo au isiwepo. Ndiyo sababu leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, wa mjini na wa mashambani, njia zilizothibitika kuwasaidia watu kupata kazi nyingine, pamoja na mitego ambayo huwanasa wengi wakiwa njiani.

Ili maneno yetu yaeleweke upesi, na tumchukue mtu mmoja wa mfano. Mtu huyu alikuwa mtunza ghala katika kiwanda kimoja cha Eneo la Viwanda, Nairobi, kwa muda wa miaka 11. Mkewe na watoto wao wanne wako mashambani, na mtoto wa kwanza yuko shule ya sekondari. Kiwanda kimepunguza watu, naye ni mmoja wao. Je, kesho asubuhi afanye nini?

USITOKE LANGONI MIKONO MITUPU

Wengi hukosea siku ile ile ya kwanza. Kwa hasira au kwa haya, mtu huchukua koti lake na kwenda zake, asiulize neno. Hivyo sivyo. Kazi ya kutafuta kazi mpya huanza kabla hujaiacha ile ya zamani.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yasema kwamba mtu anayepunguzwa kazi hapana budi apewe taarifa ya mwezi mmoja, au alipwe mshahara wa mwezi mmoja badala yake. Siku za likizo ambazo hakuzichukua atalipwa kwa fedha. Tena atalipwa malipo ya kuachishwa, yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima aliofanya kazi. Mtunza ghala wetu alifanya kazi miaka 11. Zidisha kwa 15, utapata siku 165. Ikiwa mshahara wake wa siku moja ni shilingi 800, basi malipo hayo peke yake ni shilingi 132,000. Mwajiri akikataa, mfanyakazi aende kwa chama chake cha wafanyakazi, au kwa Afisa wa Kazi aliye karibu, achukue na karatasi zake zote.

Fedha hizo si za kusherehekea, wala si za kulipia deni la kila rafiki. Ndizo zitakazompa nafasi ya kutafuta kazi kwa utulivu, bila kukubali neno lo lote la kwanza aambiwalo na mtu asiyemjua. Na aketi na mkewe, wahesabu pamoja kwamba zitawachukua miezi mingapi, waandike hesabu hiyo katika karatasi.

CHETI CHA KAZI NI MALI YAKO

Jambo la pili la kudai ni cheti cha kazi. Sheria hiyo hiyo yamlazimisha mwajiri kumpa cheti kila mtu anayeacha kazi, isipokuwa yule aliyefanya kazi kwa muda usiofika majuma manne mfululizo. Cheti huonyesha jina la mwajiri na mahali alipo, jina la mfanyakazi, siku aliyoanza, kazi aliyoifanya na mahali alipoifanyia, na siku aliyomaliza. Kumnyima mtu cheti hicho kwa makusudi, au kuandika ndani yake uwongo, ni kosa kwa sheria.

Wazee wetu watakumbuka yale waliyosimuliwa juu ya kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alivaa kipande shingoni, ndani ya kikebe cha chuma, pamoja na alama za vidole vyake. Tajiri aliandika humo mshahara wake, na asipotia sahihi ya kumwachilia, mtu hakuweza kwenda kutafuta kazi kwingine. Harry Thuku na wenzake walikipinga kipande katika mwaka 1921 na 1922, lakini hakikuondolewa mpaka mwisho wa miaka ya 1940. Cheti cha leo ni kinyume chake. Kipande kilimfunga mtu kwa tajiri wake. Cheti humfungulia mlango wa mwajiri mwingine. Hicho ni chako, wewe ndiwe wa kukitunza.

Kuna karatasi ya tatu, nayo ni barua ya sifa. Hii mwajiri halazimishwi na sheria kuitoa. Sharti uiombe kwa heshima. Mwombe msimamizi wako aandike ni kazi gani ulizozifanya vizuri, kama unafika kwa wakati, na kama hesabu zako zilikuwa sawa. Usidharau barua hiyo. Wataalamu walifanya majaribio Afrika Kusini, wakatangaza matokeo yake mwaka 2020. Waliwasaidia vijana kupata barua za namna hiyo, wakaziambatisha na maombi yao ya kazi. Wenye barua waliitwa na waajiri zaidi ya wasio nazo kwa kiasi cha 60 katika kila 100. Hata hivyo watafuta kazi wengi hawaziombi kabisa, kwa sababu tu hawakuwaza kuomba.

JIULIZE: NAJUA NINI?

Mtu akiulizwa, "Wewe ni nani kwa kazi?" hujibu, "Mimi ni mtunza ghala," akanyamaza. Jibu hilo ni fupi mno. Na achukue karatasi, aandike kila jambo alilolifanya kwa mikono yake na kwa akili yake katika miaka ile 11. Alipokea mizigo na kuihesabu. Aliandika daftari. Alitumia kompyuta kuingiza hesabu ya mali. Alisimamia vibarua sita. Aligundua upungufu kabla haujawa hasara. Akimaliza ataona kwamba hawezi kufanya kazi kiwandani tu. Anaweza pia kufanya kazi katika duka kubwa la jumla, hospitali, shule ya bweni, chama cha ushirika, au shamba la maua huko Naivasha. Pote hapo pana ghala, na pote pahitaji mtu mwaminifu wa hesabu.

Kwa fundi ambaye alijifunza kazi kwa kuona na kutenda, bila kupata cheti cha chuo, njia iko pia. Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwanda, iitwayo NITA kwa kifupi, huwapima mafundi kwa mitihani ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza. Seremala, mwashi, fundi wa umeme au fundi wa magari aweza kufanya mtihani huo, apate cheti cha kuonyesha kile ambacho mikono yake imekijua siku nyingi. Mwajiri asiyekujua hawezi kuuona ustadi ulio moyoni mwako, cheti atakisoma.

NDUGU NI WEMA, LAKINI WASIOKUJUA SANA HUJUA MENGINE

Watu wengi wakitafuta kazi huwauliza ndugu zao wa karibu tu. Wasipojua neno, mtu hukata tamaa. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Mark Granovetter, alichunguza jambo hili katika mji wa Newton, Massachusetts, na mwaka 1974 akatoa kitabu juu yake. Aliwauliza watu waliobadili kazi waliipataje kazi mpya. Zaidi ya nusu yao waliipata kwa kuambiwa na mtu wanayemfahamu. Lakini ajabu ni hii: kati ya hao walioambiwa na mtu, wasiofika 17 katika kila 100 ndio waliopashwa habari na mtu waliyeonana naye mara nyingi. Waliobaki wote waliambiwa na watu waliokuwa wakionana nao mara moja moja, au kwa nadra sana.

Sababu yake si ngumu. Ndugu yako na rafiki yako wa kila siku hukaa palepale unapokaa, na husikia yale yale unayoyasikia. Lakini mtu mnayesalimiana kwa mwezi mara moja huenda mahali usipokwenda, na husikia usiyoyasikia.

Kwa hiyo mtunza ghala wetu asikomee kwa shemeji yake. Awakumbuke madereva wa malori waliokuwa wakileta mizigo langoni. Awakumbuke makarani wa viwanda vingine aliosemezana nao kwa simu, mwalimu aliyemfundisha, watu wa kanisani au msikitini, na wale aliofanya nao kazi zamani wakahama. Aandike majina 30. Kisha awapigie simu, na asiseme, "Nitafutie kazi," maana neno hilo ni mzigo, na mwenye kuambiwa hukimbia. Aseme hivi: "Bwana, kazi yetu ilikwisha mwezi jana. Mimi ni mtunza ghala wa miaka 11. Je, huko unakopita umesikia mahali panapohitajiwa mtu wa ghala? Nani ningeweza kumwuliza?" Swali hilo ni jepesi kujibu, nalo halimwaibishi mtu.

TANGAZO LISOMWE MARA MBILI

Pamoja na hayo, matangazo nayo yafuatwe. Tume ya Utumishi wa Umma hutangaza nafasi zake hadharani, na kila moja ya kaunti 47 ina Bodi yake ya Utumishi wa Umma. Makampuni hutangaza magazetini na katika mtandao. Asiye na kompyuta aweza kutumia simu, au kwenda kwa kijana mwenye duka la kompyuta sokoni.

Soma tangazo mara mbili. Mara ya kwanza, ujue kazi ni gani. Mara ya pili, piga mstari chini ya kila kitu kinachotakiwa: cheti gani, miaka mingapi, na siku ya mwisho ya kupokea maombi. Wengi hukosa nafasi si kwa upungufu wa elimu, bali kwa sababu walituma barua iliyo sawa kwa kila tajiri, au waliisahau nakala moja iliyotakiwa.

Barua na iandikwe kwa lugha ile ile ya tangazo, iwe safi, wala isizidi ukurasa mmoja. Huu ni mfano:

"Kwa Bwana Meneja. Nimesoma tangazo lako la kazi ya mtunza ghala. Kwa miaka 11 nilitunza ghala la kiwanda, nikisimamia vibarua sita na kuweka hesabu ya mali katika daftari na katika kompyuta. Katika miaka mitatu ya mwisho hesabu ya ghala haikupungua. Naambatisha cheti changu cha kazi na barua ya msimamizi wangu. Niko tayari kuja kuonana nawe siku yo yote utakayoitaja. Wako mtiifu."

Tazama kwamba barua hii haisemi, "Nina shida nyingi, nina watoto wanne." Hayo ni kweli, nayo ni mazito, lakini meneja anatafuta mtu wa kumwondolea shida yake yeye. Mwonyeshe hilo. Na usiandike lisilo kweli, kwa maana uwongo wa barua hufichuka mbele ya kitabu cha hesabu.

UTAFUTAJI KAZI NAO NI KAZI

Mtu asiye na kazi huamka akasema, "Leo nitatembea nione." Jioni hurudi amechoka, lakini hajui amefanya nini. Huko Afrika Kusini yalifanywa majaribio mengine, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2019. Vijana wasio na kazi walisaidiwa kuandika mpango wa juma: siku gani wataomba kazi, saa ngapi, mahali gani, na kwa njia gani. Hawakupewa fedha za ziada kwa kuandika mpango huo. Hata hivyo maombi waliyoyatuma yaliongezeka kwa kiasi cha 15 katika kila 100, na waliopata kazi waliongezeka kwa kiasi cha 26 katika kila 100, wakilinganishwa na wenzao wasioandika mpango.

Tena si lazima mtu ahangaike peke yake. Nathan Azrin na wenzake, wa Marekani, waliwakusanya watafuta kazi katika vikundi, wakatangaza habari zake mwaka 1975. Watu hao walikutana kila siku, wakasomeana matangazo, wakasahihishiana barua, wakafanya mazoezi ya kuulizwa maswali. Baada ya miezi miwili, watu tisa katika kila kumi walikuwa wamepata kazi. Na katika wale waliotafuta bila kikundi hawakufika sita katika kila kumi.

Sisi watu wa Kenya twavijua vikundi. Akina mama wana vyama vyao vya kuweka akiba; kwa nini watu watano waliopunguzwa kiwanda kimoja wasiwe na chama cha kutafuta kazi? Na wakutane asubuhi ya Jumatatu, kila mtu aseme ameomba wapi juma lililopita na ataomba wapi juma hili. Kazi isiyomfaa mmoja yaweza kumfaa mwenzake. Umoja ni nguvu hapa kama mahali pengine.

SIKU YA KUULIZWA MASWALI

Ukiitwa, fika nusu saa kabla ya wakati. Vaa nguo safi. Si lazima ziwe mpya. Chukua kitambulisho, vyeti vya asili na nakala, vyote ndani ya bahasha moja, ili usianze kutafuta mifukoni mbele ya watu.

Kabla ya siku hiyo, uliza habari za mahali hapo: wanatengeneza nini, wanamwuzia nani. Mwenzako akuulize nyumbani maswali utakayoulizwa, nawe ujibu kwa sauti. Hasa ujiandae kwa swali hili: "Kwa nini uliacha kazi ya kwanza?" Jibu kweli na kwa ufupi: "Kiwanda kilipunguza watu 40, nami nilikuwa mmoja wao." Usimtukane tajiri wako wa zamani, maana anayekusikiliza atawaza kwamba kesho utamtukana yeye. Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui, lakini uko tayari kujifunza.

JIHADHARINI NA WALAGHAI

Sasa twafika penye hatari kubwa. Mtu mwenye shilingi 132,000 mfukoni na wasiwasi moyoni ndiye anayewindwa. Simu yake italia. Sauti nzuri itamwambia, "Jina lako limepita. Kuna nafasi bandarini Mombasa. Tuma shilingi 15,000 za fomu leo kabla ya saa kumi." Akituma, ataambiwa atume nyingine za daktari, kisha nyingine za sare. Mwisho wake simu itafungwa, na karo ya mtoto imekwenda.

Shikeni alama hizi. Mwajiri wa kweli hauzi kazi. Tume ya Utumishi wa Umma hailipishi mtu kwa kuomba nafasi. Anayekuharakisha usiulize mtu mwingine anajua ukiuliza utaambiwa kweli. Na fedha zitumwazo kwa nambari ya simu ya mtu binafsi si malipo ya ofisi.

Tahadhari hiyo na izidi kwa wale wanaotaka kwenda kufanya kazi katika nchi za Ghuba. Mawakala wa ajira hapana budi waandikishwe kwa Serikali. Mamlaka ya Taifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ndiyo yenye orodha yao. Usimpe wakala pasipoti wala fedha kabla hujahakikisha kwamba jina lake limo. Usiondoke bila mkataba unaoufahamu, wala usisafiri kwa kibali cha kutembea ukaambiwa kazi utaikuta mbele. Waachie jamaa zako nakala ya kila karatasi.

UKIPATA, SOMA KABLA YA KUTIA SAHIHI

Sheria yataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na ni wajibu wa mwajiri kuuandika. Asiyejua kusoma ana haki ya kuelezwa maneno yake kwa lugha anayoifahamu. Tazama mshahara, saa za kazi, likizo na muda wa majaribio, ambao hautapita miezi sita, isipokuwa wewe mwenyewe ukubali uongezwe. Omba nakala yako, uiweke pamoja na kile cheti cha zamani.

Basi na tumrudie mtunza ghala wetu. Kesho asubuhi asilale, wala asikimbilie lango la kwanza alionalo. Na aketi mezani na karatasi zake tatu: hesabu ya fedha zake, orodha ya mambo anayoyajua, na majina yale 30. Saa tatu ikifika, apige simu ya kwanza. Labda yule dereva wa lori, ambaye hakumjua hata jina la baba yake, atamwambia, "Ngoja, Bwana, jana nilishusha mizigo mahali fulani Athi River, na karani wao wa ghala anastaafu mwisho wa mwezi."

Hatuwezi kumwahidi mtu kwamba atapata kazi kwa siku 10 wala kwa 30. Kazi ni chache na wanaozitaka ni wengi. Hilo latambulikana na kila mtu. Lakini mwenye cheti, mpango na watu wa kuwauliza hutangulia kuliko angaliye barabara tu. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.